Bunduki ya kuazima ina mwenyewe

(Mwandishi wetu wa kujitegemea alialikwa na vijana wa Chiwata, wilayani Masasi, azungumze nao juu ya vita vya ukombozi. Tunachapa maneno yake kama alivyoyasema, isipokuwa salamu za mwanzo tulizozipunguza. – Mhariri)

  

Nimeitwa kuzungumza juu ya vita vya ukombozi, na najua wengine mmekuja mkitegemea nitaimba sifa. Sifa mmeziimba tangu darasa la kwanza mkiwa na kaptula zilizotoboka. Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, sina shahada ya kuwatisha nayo. Nina kalamu na nina masikio. Na kama yumo kachero hapa, namkaribisha kwa moyo mmoja. Aandike vizuri, na tarehe asikosee.

Wiki iliyopita nilikuwa kijiweni Masasi mjini, jirani na stendi, nakunywa kahawa. Gumzo likafika kwenye uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Watu wakakumbushana risasi, intaneti iliyozimwa, watu wa Dar es Salaam waliofungiwa ndani usiku kwa amri, na kesi ya uhaini aliyofunguliwa Tundu Lissu Aprili ya mwaka ule. Kijana mmoja wa bodaboda akaweka kikombe chini, akasema: "Jamani, tusidanganyane. Amin alitolewa na nani? Si na jeshi la nje? Mobutu je? Si na jeshi la nje? Sasa sisi nani atakuja kututoa?" Kijiwe kizima kikampigia makofi.

Mimi nilinyamaza. Sikuwa na jibu la haraka, na mwandishi asiye na jibu heri anywe kahawa yake. Lakini usiku ule usingizi ulikataa. Kwa hiyo leo nimekuja kumjibu yule kijana, na nimefurahi kwamba nimeitiwa huku, maana jibu lake linaanzia huku huku.

KARANGA ZILIKUFA, JESHI LIKAOTA

Nyinyi wa Chiwata hamhitaji ramani kuambiwa Msumbiji iko wapi. Panda Newala, simama pale Shimo la Mungu, tazama kusini. Lile bonde ni la Ruvuma, na ng'ambo yake ni nchi nyingine. Nani aliyeifanya nchi nyingine? Mjerumani na Mreno, ambao hawakumuuliza babu yako wala wangu. Wamakonde wako huku na wako kule. Wamakua hivyo hivyo, Wayao hivyo hivyo. Mtu alikuwa akivuka kwenda msibani na kurudi bila kujua kwamba ametoka nje ya nchi.

Juni 16, 1960 watu walikusanyika Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde wa upande wa pili, kutaka kuzungumza na watawala wa Kireno. Wakamiminiwa risasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. FRELIMO ilisema ni mamia, watafiti wengine wametaja idadi ndogo zaidi. Lakini hata wangekuwa kumi tu, watu waliokwenda kuzungumza wakajibiwa kwa bunduki wanajua ni utawala wa aina gani walio chini yake.

Basi wakaanza kujipanga. Na hapa naomba masikio yenu, kwa sababu shuleni jambo hili hupitwa mbio. FRELIMO haikuzaliwa chama kimoja. Ulikuwa muungano. Kulikuwa na MANU, ambayo wengi wake walikuwa Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya, watu wa mkonge na wa bandarini. Kulikuwa na UDENAMO iliyoanzia kwa Wasumbiji waliokuwa Rhodesia, na UNAMI iliyoanzia Malawi. Watatu hawa, kila mmoja na kiongozi wake na tamaa yake, waliungana Dar es Salaam Juni 25, 1962. Nani aliwasukuma waungane? Wenyeji wao, Mwalimu Nyerere akiwa mmojawapo. Mwenyeji anakulisha, anakupa ofisi, anakupa njia. Akisema ungana, utakataa? Dkt. Eduardo Mondlane akawa rais wa muungano, na baada ya muda si mrefu wakubwa wa MANU na UDENAMO walijikuta nje ya nyumba waliyoijenga.

Vita ilianza Septemba 25, 1964. Silaha zilitoka China, zilitoka Urusi na nchi marafiki zake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikwisha kuweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam tangu 1963, ile ambayo Brigedia Hashim Mbita aliiongoza kama katibu mtendaji kuanzia 1972 hadi ilipofungwa 1994. Na kambi kubwa ikawa Nachingwea, pale pale Waingereza walipolima karanga miaka ya mwisho ya arobaini kwa mamilioni ya pauni na kuambulia vumbi. Karanga zilikufa, jeshi likaota. Wakufunzi wa Kichina walikuja kufundisha pale. Reli waliyoiacha Waingereza, kutoka pwani hadi Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini, basi silaha zikapanda malori na mwisho zikapanda vichwa vya watu.

Mjomba wa mama yangu alikuwa kijana wa kijiji cha bondeni, karibu na mto. Alituhadithia kwamba usiku walikuwa wakiamshwa kwenda kubeba masanduku. Hawakuambiwa ndani mna nini. "Uzito ndio uliotuambia," alisema. Asubuhi anakwenda shamba kama hakuna lililotokea. Hakuna aliyempa nishani, wala yeye hakuidai. Alichokuwa akidai, mpaka anaingia kaburini, ni mtu wa kumweleza kwa nini njia ya shamba lake ilitegwa mabomu.

Ndiyo, mabomu. Mreno hakukaa akitazama. Ndege zake zilivuka mto, na mabomu ya kutegwa ardhini yaliachwa upande wetu wa Ruvuma. Wapo waliokwenda kuvuna mihogo wakarudi wamebebwa. Vijiji vikahamishwa, watu wakakusanywa pamoja ili walindwe, mgambo wakafundishwa. Wakimbizi wakaja kwa maelfu, wakapelekwa Rutamba kule Lindi na kwingine. Na miaka yote hiyo mtu wa Kusini akiuliza barabara, akiuliza kiwanda, jibu lilikuwa moja: huko ni mpakani, huko kuna vita. Vita ya Msumbiji iliisha 1974. Daraja la Rufiji tulilipata 2003! Hesabuni wenyewe hiyo ni miaka mingapi ya kulala Ndundu kusubiri pantoni.

Nasema haya si kwa kujuta. Kumsaidia Msumbiji lilikuwa jambo la haki, na mtu akiniuliza leo kama mjomba wa mama yangu angekataa kubeba yale masanduku, nitasema hapana, asingekataa, na asingepaswa kukataa. Pale Naliendele, Mtwara, wamelala askari wetu waliofia Msumbiji. Mimi siwezi kupita pale nikasema walikufa bure.

Lakini kuna chumba kimoja katika nyumba hii ambacho hatufunguliwi.

NACHINGWEA, 1975

Mnalijua jina la Lazaro Nkavandame? Wazee mnalijua. Alikuwa Mmakonde, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa FRELIMO wa jimbo la Cabo Delgado, mwenye vyama vya ushirika na maduka katika maeneo yaliyokombolewa. Aligombana na wenzake juu ya biashara, juu ya uongozi, juu ya nani anakufa mstari wa mbele na nani anakaa Dar es Salaam. Watu wa Mueda walikuwa wakisema: sisi ndio tunaokufa, mbona wakubwa wote ni watu wa kusini ya Msumbiji? Nkavandame hakuwa malaika. Wenzake walimshitaki kwamba anawanyonya wananchi madukani mwake, na yawezekana walisema kweli. Mei 1968 ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam ilivamiwa, mtu akafa. Februari 3, 1969 Mondlane akauawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam hiyo hiyo. Nkavandame akaondolewa, na mwaka ule ule akavuka mto akajisalimisha kwa Mreno. Kuanzia hapo neno lake likawa moja tu: msaliti.

Haya, yeye alikwenda kwa adui, tuseme amejitakia. Lakini Uria Simango? Huyu alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO tangu mwanzo. Mondlane alipokufa, kwa taratibu za chama yeye ndiye angeshika. Hakushika. Uliwekwa uongozi wa watu watatu, yeye, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Akaandika waraka mwishoni mwa 1969 kulalamika kwamba ndani ya FRELIMO watu wanauana. Alifanywa nini? Alitolewa kwenye uongozi, na serikali yetu, serikali ya Tanzania, ikamfukuza nchini 1970. Hapo ndipo ninapotaka mtazame kwa macho mawili. Ugomvi ni wa Wasumbiji, chama ni cha Wasumbiji, lakini aliyeamua nani abaki Dar es Salaam na nani aondoke ni mwenye nyumba. Na ukiondolewa Dar es Salaam, umeondolewa kwenye vita.

Ureno ikapinduliwa Aprili 1974, Mkataba wa Lusaka ukatiwa saini Septemba 7, na Simango akarudi Msumbiji akidhani sasa kuna siasa. Akaungana na chama kingine. Akakimbilia Malawi, akakamatwa, akakabidhiwa kwa FRELIMO. Mnajua alipelekwa wapi? Nachingwea! Mwezi Mei 1975, mwezi mmoja kabla ya uhuru wa Msumbiji, alisimamishwa mbele ya maelfu ya wapiganaji, akasomeshwa kurasa na kurasa za kukiri kwamba yeye ni msaliti. Hapa, kwenye ardhi ya Tanzania, umbali wa safari ya asubuhi kutoka tulipokaa. Hakukuwa na wakili wala hakimu. Yeye, Nkavandame, bibi Joana Simeão na wengine walipelekwa kizuizini Msumbiji, na huko wakauawa. Mke wa Simango, Celina, naye hakurudi. Watoto wakakua hawajui kaburi la baba wala la mama.

Mmoja wa watoto hao, Daviz, alichaguliwa meya wa Beira mwaka 2003, na 2009 akaanzisha chama cha upinzani, MDM. Mtoto wa "msaliti" alipigiwa kura na raia wa mji mkubwa, tena zaidi ya mara moja, mpaka alipofariki Februari 2021. Nadhani wapiga kura wa Beira walikuwa na maoni yao juu ya ile hotuba ya Nachingwea.

Sasa swali langu kwa chama tawala, ambacho kila Julai 25 kinatukumbusha mashujaa. Siku ile ya 1975, polisi wetu walikuwa wapi? Mkuu wa wilaya alikuwa wapi? Tulimpa mgeni wetu kambi ajifunze kupigana na Mreno. Nani alimpa ruhusa ya kuifanya gereza? Waliojua walinyamaza, kwa sababu mgeni alikuwa anakwenda kuwa Ikulu, na mtu anayekwenda Ikulu haulizwi.

ALIYEAZIMWA NAYE AKAWA DOLA

Na hadithi haikuishia hapo. Kule Msumbiji chama kikabaki kimoja, watu wakapelekwa makambi ya kufundishwa upya. Watawala wa Rhodesia wakaona mwanya. Kuanzia 1976 hivi wakawaunda RENAMO, na Rhodesia ilipokwisha 1980 makaburu wa Afrika Kusini wakawachukua. RENAMO nao walisema nini? Kwamba wanapigana na utawala dhalimu! Maneno yale yale, bunduki za mfadhili mwingine. Vita ile ikaendelea mpaka mkataba wa Roma, Oktoba 4, 1992, na inakisiwa watu wapatao milioni moja walikufa kwa vita na njaa. Sisi tukapeleka tena jeshi kuanzia 1986, safari hii si kuwasaidia waasi bali kuilinda serikali ya waasi wetu wa jana. Sasa mwambieni yule kijana wa bodaboda: kila mwenye bunduki ya kutoa hupata dhalimu wa kumtolea. Ni dhalimu kweli, au ni dhalimu kwa sababu hampendi? Mpokeaji haulizwi.

Sijamsahau Amin, maana huyo ndiye aliyetajwa kijiweni, na sitaki mtu aseme namkwepa.

Amin alipindua serikali ya Milton Obote Januari 25, 1971. Mwalimu akampokea Obote. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote, pamoja na kikundi cha kijana mmoja anayeitwa Yoweri Museveni, walivuka kutoka kwetu kwenda kumng'oa. Walishindwa vibaya, maana walikuwa wachache, na Waganda waliotegemewa kuinuka hawakuinuka. Hilo la kwanza mliweke akilini. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1978 Amin akaingiza majeshi yake Kagera, akaua, akapora ng'ombe mpaka mabati. Mwalimu akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Nani angebisha? Vijana wakaenda kutoka kila mkoa, na wa Mtwara wakiwemo.

Jeshi letu lilipokuwa ndani ya Uganda, ikaonekana aibu kwamba Watanzania waiteke Kampala bila Waganda mbele. Basi Machi 24 hadi 26, 1979 vikaitwa vikundi vya Waganda Moshi, zaidi ya ishirini. Wengine walikuwa na askari mia kadhaa, wengine walikuwa na barua yenye kichwa na muhuri. Wakaunda muungano, UNLF. Obote aliombwa asije, kwa sababu angewatisha wengine. Profesa Yusuf Lule, mzee wa chuo kikuu, akachaguliwa mwenyekiti. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, na siku mbili baadaye Lule akaapishwa. Watu walicheza barabarani.

Lule alidumu siku 68.

Akaja Godfrey Binaisa, mwanasheria. Huyu hakumaliza hata mwaka. Mei 1980 aliondolewa na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, na makamu wake katika tume hiyo alikuwa Museveni. Askari wa Tanzania walikuwa bado Uganda, maelfu, na hawakuinua kidole. Jamani, rais wa nchi anaondolewa, na jeshi pekee la maana katika nchi hiyo linatazama pembeni. Huko si kutazama pembeni, ni kuchagua. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi. Muwanga akajipa yeye mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo, na chama cha Obote kikatangazwa mshindi. Obote, yule aliyeombwa asije Moshi! Februari 6, 1981 Museveni akavamia kambi ya Kabamba na vita vikaanza upya. Kule Luwero watu walikufa kwa makumi elfu. Askari wetu wakarudi nyumbani 1981, kazi imekwisha, eti.

Gharama? Inatajwa dola za Kimarekani karibu milioni 500. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Wazee waliopo hapa watawaambia kama mkanda ulifunguliwa mwezi wa 19. Watawaambia habari za foleni ya sabuni, kanga moja watu watatu, na sukari iliyouzwa kwa kunong'onezana. Mtu aliyekufa kule amelala Kaboya, mkoa wa Kagera. Na Museveni aliyeingia Kampala Januari 26, 1986 akisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaotaka kukaa madarakani kupita kiasi, yule ambaye mwaka 1972 alitoka kwetu na bunduki, ndiye aliyetangazwa mshindi tena Uganda Januari 2021, akiwa na miaka 35 Ikulu. Kijana wangu wa bodaboda, Amin alitolewa, kweli. Nusu ya maneno yako ni haki kabisa. Nusu nyingine ni kwamba Waganda walitolewa Amin wakaletewa foleni ya watu wanaongoja mwenye jeshi aseme nani anafuata.

La Congo nitalipita haraka, maana jua linakwenda na mnalijua kwa redio. Oktoba 1996 huko Lemera, Kivu, vyama vinne vidogo viliungana vikaitwa AFDL. Msemaji wake akawa Laurent Kabila, mzee ambaye tulikuwa tunaishi naye Dar es Salaam bila habari. Jeshi lililotembea lilikuwa la Rwanda, na Uganda nyuma yake. Mei 17, 1997 Kinshasa ikaanguka, Mobutu kwaheri. Mkuu wa majeshi ya Congo akawa James Kabarebe, afisa wa Rwanda. Mmewahi kusikia jambo hilo duniani? Mkuu wa majeshi wa nchi yako ni afisa wa nchi jirani! Kabila alipowaambia asanteni, sasa nendeni, mwishoni mwa Julai 1998, haikupita wiki. Agosti 2, 1998 vita vipya, muungano mpya wa waasi, wafadhili wale wale. Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuandika kwamba askari wa Rwanda wako ndani kwa maelfu. Na kisiasa M23 walikuwa wamevaa koti la muungano mwingine uliotangazwa Nairobi Desemba 2023. Mnaona jinsi koti linavyobadilishwa? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Sasa waasi wakiazima nguo pamoja na bunduki, hali inakuwaje?

NILICHOKUWA NIMJIBU PALE KIJIWENI

Najua mnachowaza. Mnawaza: huyu ametumwa. Chama kinachotukandamiza kikisikia maneno haya kitafurahi, kitasema vijana tulieni. Hapana. Jeshi lile lile lililokwenda kukomboa wengine lililetwa Mtwara Mei 2013 watu walipouliza habari za gesi. Novemba 2018 malori ya jeshi yakaja kubeba korosho zenu kwa bei ya 3,300 kilo, na wengine mlikaa miezi mkisubiri fedha. Sisi wa huku tunajua uso wa mbele wa bunduki na uso wake wa nyuma. Sina haja ya kumtetea mtu.

Nasema hivi tu: kila muungano niliowatajia ulikuwa na watu wa kweli wenye maumivu ya kweli. MANU walikuwa na Mueda. Waganda walikuwa na maiti katika mto Nile. Lakini siku walipopokea bunduki kutoka mkono mmoja, ule mkono ndio ukawa mkutano mkuu wao. Aliyetaka kuuliza swali ndani ya muungano hakuwauliza wanachama, alimwuliza mfadhili. Simango aliuliza, akafukuzwa nchini na mfadhili. Lule alidhani amechaguliwa Moshi na Waganda. Ndiyo maana mimi, kijana akiniambia nani atakuja kututoa, namwuliza: na huyo atakayekuja, siku akisema Nachingwea yenu iwe gereza, wewe utakuwa na nini mkononi cha kumkatalia?

Na tusijidanganye kwamba vita ni ya watu wa mbali. Oktoba 2017 ilianza upya Mocimboa da Praia, Cabo Delgado, safari hii watu wanachinja kwa jina la dini. Oktoba 2020 wakavuka Ruvuma, wakaingia Kitaya, Mtwara yetu hii, wakachoma nyumba na kuua. Wamo vijana wa Kitanzania waliokwenda kujiunga nao, wengine kwa ahadi ya pikipiki na mtaji. Walioahidiwa hivyo walikuwa na hasira kama ya yule wa kijiweni. Mwenye kuahidi aliijua hasira ile kuliko chama changu na chama tawala tukichanganywa. Hapo hata sisi wa upinzani tukae tujiulize, maana kwenye vijiwe vya Masasi huwa tunafika mwezi mmoja kabla ya kura, na T-shirt.

Kuna mambo mawili nataka wabunge na madiwani, wa chama chochote, waulizwe na nyinyi wakija huku. La kwanza: majina ya raia wa mpakani waliokufa au kukatika viungo kwa mabomu ya Mreno yako wapi? Askari wana makaburi Naliendele. Mwanamke aliyekanyaga bomu shambani ana nini? La pili: kumbukumbu za serikali juu ya kambi ya Nachingwea, hasa mwaka 1975, zifunguliwe. Miaka hamsini imepita. Wengi waliohusika wamekufa. Familia za Msumbiji zina haki, na sisi tuliokuwa wenye nyumba tuna deni.

Nilitaka kusema na habari za daraja la Mtambaswala, lakini naona mzee wangu pale chini ya mwembe amenyoosha fimbo tangu nilipotaja masanduku. Mzee, karibu. Usisimame, sema ukiwa hapo hapo umekaa. Nyie watoto, nyamazeni. Mzee anasema alivuka na FRELIMO mwaka 1966. Tumsikilize.